Zamu za Redio za Kaka

Kaka yangu alikuwa msoma mita wa shirika la umeme, na mtaa mzima ulimwita Mita. Hata mkewe, wifi yangu, akikasirika alisema "Mita", akifurahi alisema "Mita wangu". Kazi yake ilikuwa kuingia majumbani mwa watu, kuchungulia kisanduku cha umeme, kuandika tarakimu na kutoka. Mbwa walimchukia, akina mama walimpenda. Na katika kuingia huko ndiko alikookota ugonjwa wake wa redio.

Mita nyingi hukaa mahali pa hovyo: chini ya ngazi, stoo, nyuma ya mlango wa jikoni. Huko huko ndiko watu wanakosukumia vitu vilivyowachosha. Kaka akimaliza kusoma mita, macho yake yalikuwa yamekwisha kuisoma stoo nzima. Akiona redio ya zamani, zile za sanduku la mbao na kitambaa mbele ya spika, ambazo ukiziwasha unasubiri zipate moto ndipo ziseme, aliomba ruhusa aipindue aone mgongo wake. Kuna mama mmoja alimpa bure redio nzuri kama kabati la bibi harusi, vitufe vyake vya rangi ya dhahabu. Kaka akaipindua, akaichungulia kwa nyuma, akasema asante mama, hii si ya ukoo wangu. Wiki ile ile akatoka nyumba nyingine amekumbatia dude limepasuka ubavu, anacheka peke yake njiani. Tukasema basi, jua la kazini limemwingia kichwani.

Yeye na wifi hawakujaliwa mtoto. Chumba cha nyuma walichokuwa wamekipaka rangi kwa matumaini kikawa chumba cha redio. Sakafuni kulijaa vikorokoro vya kila aina, santuri zisizo na sindano, televisheni zenye miguu ya mbao, mashine za kanda zilizomeza kanda zake. Hivyo alivikusanya tu kwa kuwa hakuweza kuona kitu kizee kimetupwa akapita. Ukoo wenyewe ulikaa juu ya rafu: redio tano, kila moja na jina lake. Bi Mkubwa ilikuwa redio ya marehemu baba yetu, nayo ndiyo iliyomtia kaka wazimu huo tangu utotoni. Kipara haikuwa na kitambaa. Karani ilikuwa ndogo, safi, imenyooka. Mpasuko ndilo lile dude la ubavu. Na Mlevi sauti yake ilipanda na kushuka, ikamfanya hata msoma habari aonekane ametoka kilabuni.

Jioni akirudi kazini alioga, akala, akaingia chumbani na kufunga mlango. Baada ya kitambo tulisikia mngurumo, halafu sauti ya mtu wa mbali, mara nyingine kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Ndipo mlango ukafunguliwa. "Karibuni, leo zamu ya Karani." Wifi aliweka kigoda chake kwenye korido na kufuma vitambaa vyake akisikiliza. Wageni walipoomba, "Hebu tusikie na Kipara," kaka alijibu vile vile miaka yote: "Mwache alale. Zamu yake kesho." Tulicheka. Tuliona ni utani wa mtu asiye na watoto, amejitafutia wa kuwalaza na kuwaamsha.

Alipougua, aliugua kwa muda mrefu na kwa adabu, kama alivyofanya kila kitu. Siku moja hospitali tulikuwa mimi na wifi tu kando ya kitanda. Akasema, "Redio zangu zile tano zisitenganishwe."

Nikamuuliza, "Kwa nini, kaka?"

Akatazama ukuta. Namjua kaka yangu, nimemlea mgongoni. Akitazama ukuta kuna jambo limemkaa kooni. Akasema, "Zimezoeana."

Basi. Wifi akamshika mkono akamwambia, "Hazitatenganishwa, Mita wangu." Hilo ndilo ombi pekee alilomwachia mkewe. Hakumwomba asiolewe, wala hakumwagiza juu ya nyumba, maana nyumba ilikuwa ya kupanga. Alimwomba redio tano zikae pamoja, na wifi akaahidi kwa kinywa chake, mimi shahidi. Nasema haya mapema ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba lilikuwa jambo dogo.

Msiba ulipokwisha na wageni kuondoka, kaka yetu mkubwa aliitisha kikao. Huyu tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hata mkiwa wawili mnamenya viazi ataona kikao kinahitaji wa kukiongoza. Si mtu mbaya. Anaipenda haki, ila anaipenda kama mtu anavyopenda mizani: akishaona pande mbili zimelingana, hajali tena juu yake kumewekwa nini. Tulikaa sebuleni kwa wifi, ndugu watano tuliobaki: Mwenyekiti, mimi, dada yetu mshona nguo, mdogo wetu dereva wa lori, na kitinda mimba wetu, ambaye ana mvi lakini bado tunamwita mtoto.

Mwenyekiti akasema, "Ndugu yetu ametutoka bila mtoto. Kila mmoja wetu angependa kuwa na kumbukumbu yake. Redio ziko tano, sisi tuko watano. Mnaona wenyewe jinsi Mungu alivyopanga."

Wifi akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, marehemu alisema zisitenganishwe."

"Alisema kwa nani?"

"Kwangu. Na wifi alikuwepo."

Nikasema, "Nilikuwepo. Alisema hivyo hivyo."

"Alitoa sababu?"

Hapo tukatazamana mimi na wifi. Unawaambiaje watu wazima kwamba redio zimezoeana? Wifi akasema hivyo hivyo, zimezoeana, na dereva akaangua kicheko. Dada mshona nguo hakucheka. Alisema, "Wifi, sema tu unataka kubaki nazo zote. Bi Mkubwa ni ya baba yetu, haikuja na wewe."

Nilipofungua mdomo kumjibu, Mwenyekiti aliniuliza, "Kwani wewe ni wa kwetu au wa kwake?" Swali hilo halina jibu zuri, na wote sebuleni walilijua hilo. Niliendelea kusema, nikasema mengi, lakini ilikuwa kama kumpigia mbuzi gitaa. Kila mtu alikwisha kuingia chumbani kuchagua. Mwenyekiti kwa ukubwa wake alichukua Bi Mkubwa. Mimi nilikataa kuchagua, kesho yake nikaletewa Mlevi mlangoni kwangu, amefungwa kamba kama kuku. Vikorokoro vya sakafuni walimwita mnunuzi wa vyuma chakavu akavizoa. Wifi alisimama kwenye korido akiangalia rafu tupu, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuifuta vumbi.

Wiki hiyo Mwenyekiti alitupigia simu kila mmoja kwa zamu yake. Bi Mkubwa inaimba! Ameiwasha, imepata moto, imesema kama zamani, jirani zake wamejaa sebuleni. Basi kila mtu akakimbilia yake. Kipara kwa dereva kikawaka kioo cha mbele, taa ndogo ya njano ile, lakini sauti hakuna. Karani kwa dada mshona nguo, kioo kinawaka, kimya. Mpasuko kwa kitinda mimba, hivyo hivyo. Mlevi wangu naye aliwaka vizuri, akanyamaza kama mtu aliyeapa kuacha pombe.

Dereva hana subira, lori limemharibu. Alibeba Kipara hadi kwa fundi redio mmoja mzee, fundi akafungua mgongo na kumwuliza, "Hili ganda mmelitoa wapi?" Ndani mlikuwa na matundu matano matupu. Zile chupa ndogo za kioo ambazo ndizo zinazofanya redio ya namna hiyo iseme, mafundi wanaziita vali, hazikuwemo hata moja. Karani, hazimo. Mpasuko, hazimo. Nikamfungua Mlevi kwa kisu cha jikoni, naye mweupe.

Sasa tazama jinsi akili za ndugu zangu zilivyokimbia. Hakuna aliyesema, labda Mita aliziondoa. Wote, kama waliokubaliana, walisema shemeji amezichomoa. Amezichomoa kwa hasira ya kunyang'anywa, akamwachia Mwenyekiti tu kwa kumwogopa. Dada mshona nguo akasema ameziuza. Wifi yangu, ambaye hata balbu ya chooni ikiungua alimsubiri mumewe arudi, eti amefungua redio nne na kuchomoa viungo vyake!

Dereva alikwenda kwake mchana kweupe na kusema mlangoni, majirani wakisikia, "Shemeji, rudisha vitu vya watu."

"Vitu gani, shemeji?"

"Vile vya kioo. Usijifanye hujui."

Wifi alimfungulia nyumba nzima. Akamfungulia kabati la nguo, akainua godoro. Dereva akapekua, jamani, akapekua hadi chini ya masufuria, akapata kopo la biskuti limejaa vali. Akatoka nalo akishangilia. Yule fundi mzee akazipima moja moja, akasema zote zimekufa zamani, hizi marehemu alikuwa anaziweka tu. Hapo ingetosha kumsafisha mwanamke. Wao wakasema, basi zile nzima amezificha kwingine.

Nilikwenda kwa wifi nikamkuta kwenye kigoda chake, hafumi. Alisema, "Wifi, nimeitwa mwizi katika nyumba niliyomuuguzia ndugu yao. Nifanye nini?" Nilichemsha chai. Tukakaa tunakunywa kwenye korido, mlango wa chumba cha nyuma ukiwa wazi. Ni yeye aliyesema kwanza, kama anaongea na kikombe: "Lakini kweli, sijawahi kuzisikia mbili kwa pamoja."

"Unasema?"

"Miaka yote hiyo. Ilikuwa moja tu kila siku. Na asubuhi kabla ya kwenda kazini aliingia humo na leso. Nilidhani anapangusa vumbi."

Nikaweka kikombe chini. Kaka yangu, msoma mita, alikuwa na vali nzima tano tu duniani. Ndiyo maana alipindua redio za watu kutazama mgongo: alitafuta zinazotumia vali za aina ile ile, basi hata ukampa ya dhahabu akakataa. Usiku vali zilipoa ndani ya redio iliyoimba, asubuhi akazihamisha kwa leso kwenye redio ya zamu. Alipolazwa, zamu ilikuwa ya Bi Mkubwa. Wageni wote waliosifu, "Mita ana redio tano na zote zinaimba," aliwaacha wasifu. Aliona haya kusema kwamba ana koo moja kwa vinywa vitano. Hata kitandani, mbele ya mkewe na mimi dada yake, aibu hiyo ilimshinda, akatazama ukuta. Nilimlilia siku hiyo, na nilimkasirikia pia. Neno moja tu, kaka. Neno moja lingemwokoa mkeo.

Nilimpigia Mwenyekiti nikamweleza. Kwa haki yake, alinisikiliza hadi mwisho. Akasema jambo hili litathibitishwa mbele ya wote, Jumapili, nyumbani kwa shemeji, kila mmoja aje na redio yake, naye atakuja na fundi. Wifi alipoambiwa, uso wake uliniumiza jinsi ulivyofunguka. "Zitarudi zote?" aliuliza. "Zote tano, hapa?" Alisugua chumba, akaitandikia rafu kitambaa alichofuma.

Jumapili mchana redio zilirudi kwenye rafu yake. Fundi akawasha Bi Mkubwa ikaimba, akaizima, tukasubiri vali zipoe. Akazichomoa kwa leso moja moja, akazitia kwenye Karani. Tukasubiri ipate moto. Dada mshona nguo alikunja mikono kifuani. Mngurumo ukaja, halafu mwanamume wa mbali akaanza kutusomea kitu kwa lugha yake, safi, amenyooka. Dada akashika mdomo. Fundi akazima, tukanywa chai tukisubiri, akahamishia kwa Kipara, ikaimba. Mpasuko, ikaimba. Alipofika kwa Mlevi na sauti ikaanza kupanda na kushuka, kitinda mimba wetu alicheka hadi akalia, nasi sote tukalia naye, tukicheka. "Mita wewe! Mita mwongo wewe!" Dereva alipiga goti mbele ya wifi mbele ya watu wote akasema, "Shemeji, nisamehe, nilikukosea adabu." Wifi akamwinua.

Nilidhani tumefika. Namwapia anayesoma, nilidhani kabisa tumefika. Wifi naye alidhani, maana alijipa moyo akasimama karibu na rafu akasema, "Sasa mmeona kwa nini alisema zisitenganishwe. Ziacheni hapa, mashemeji zangu. Mje siku yoyote mtakayo, kila mtu asikilize yake kwa zamu. Mimi nitajifunza kuzihamisha. Fundi atanifundisha."

Fundi akasema, "Ni kazi rahisi, mama."

Nikaona kila mmoja anamtazama Mwenyekiti, na Mwenyekiti anatazama rafu. Akasema, "Shemeji, umesafishwa, na mimi mwenyewe nitamwambia yeyote. Lakini vali hizi zikibaki hapa, kesho na keshokutwa mtu atasema shemeji ndiye mwenye redio, sisi tuna mbao. Nikirudi nazo mimi, mtasema Mwenyekiti kajipendelea. Ugomvi huu umetuchosha." Akamgeukia fundi. "Vali ni ngapi?"

"Tano."

"Na sisi tuko watano."

Nilielewa kabla hajamaliza. Nikasema, "Kaka, hapana."

"Kila mmoja achukue yake moja."

Fundi akainua mikono. "Mzee, moja haisemi. Wala hizi hazitengenezwi tena. Mkizigawa, mmeziua."

"Fundi, tunashukuru kwa kazi yako. Haya ni mambo ya familia."

Nilipiga kelele. Niliwaambia ni wajinga, niliwaambia marehemu anatusikia, nilimwambia Mwenyekiti hata kitoto hakiwezi kukata shati vipande vitano kila mtu avae. Dereva alinishika bega kwa upole kabisa, maana siku hiyo wote walikuwa wapole. "Dada, tulia. Afadhali tukose wote kuliko aimbiwe mmoja. Kifo cha wengi harusi." Wakacheka tena. Dada mshona nguo alisema tangu msiba hajalala vizuri, leo atalala. Kitinda mimba alisema ataiweka yake kwenye kabati la vyombo, mbele, ionekane. Tangu kaka afe, sikuwa nimewaona ndugu zangu wakipendana namna ile.

Wifi aliondoka chumbani, na nikadhani ameenda kulia. Akarudi na vitambaa vyake vya kufuma. Akachukua vali ya kwanza mkononi mwa fundi, aliyekwisha kuzichomoa kwa Mlevi, akaizungushia kitambaa, akakunja ncha zake, akampa Mwenyekiti kwa mikono miwili. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili, na ya tatu. Alimwambia dereva asiiweke kwenye mfuko wa suruali, atakuja kuikalia. Wakabeba kila mtu sanduku lake, wakamshukuru, Mwenyekiti akamwambia, "Shemeji, kuanzia leo hakuna kinyongo," na wifi akajibu, "Hakuna, shemeji."

Nilibaki nyuma makusudi. Walipofika barabarani nilifunga mlango, nikamsogezea wifi Mlevi aliyekuwa bado kwenye rafu, nikamwekea mkononi vali yangu na kitambaa chake. Nilimwambia, "Wifi, hii baki nayo wewe. Na Mlevi abaki hapa hapa. Angalau mmoja asitoke."

Aliishika kidogo, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Halafu akanirudishia, akanifumba vidole juu yake.

"Nenda nayo, wifi," alisema. "Ikibaki hapa watasema nimeiba."

Nikaitia mkobani, nikambeba Mlevi, nikatoka.